Mwalimu Wako Mwingine

Mwanangu Kibet,

Uniwie radhi kwa kunyamaza muda mrefu. Watu huomba radhi ya namna hii wakiwa mbali, kwa kuwa barua zimechelewa au posta imefungwa. Mimi naiomba nikiwa nimeketi kwenye kiti kilekile ambacho umekuwa ukikipita kila asubuhi ukienda kuchukua baiskeli. Tangu siku ile ya kiwanjani nimekujibu kwa "ndiyo", kwa "la" na kwa "mwulize mama yako". Tumekula ugali mmoja, nami nimekuomba chumvi kupitia kwake, naye akakufikishia ombi hilo kana kwamba umevuka mito. Jumapili iliyopita aliniambia, "Mwalimu, mimi si simu. Mtoto huyo ana masikio." 

Kesho alfajiri unaondoka kwenda kujifunza kazi kwenye kiwanja kikubwa cha gofu karibu na Nairobi, na hutarudi kabla ya mwaka kwisha. Sitakuandikia juu ya sweta, wala juu ya kuchemsha maji, wala juu ya watu wa kuogopa stendi. Mama yako ameyasema hayo, na atayarudia mpaka gari liondoke. Tangu jana mko Chebunyo kumuaga kogo, nyanya yako, na mmeniambia mtarudi leo jioni. Mvua ya mchana imeanza kupiga mabati, wachumaji wamekimbia kutoka shambani, na nyumba ni yangu peke yangu. Nitaiweka barua hii ndani ya sanduku lako, juu ya mashati. Utakapoisoma utakuwa mbali, nami sitalazimika kuutazama uso wako.

Nitaanza na neno lenyewe. Nilimwonea wivu Mzee Oduor. Ningeweza kuandika kwamba nilikuwa na wasiwasi juu ya maisha yako, na kwa miezi mingi hivyo ndivyo nilivyowaambia watu kanisani. Mtu mwenye wasiwasi humuuliza mwanawe amekula nini na analipwa lini. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: leo mtu yule amekuambia nini, na wewe ulicheka au hukucheka.

Unakumbuka jinsi jambo hili lilivyoanza. Ulikuwa umemaliza Kidato cha Nne, nami nilikuwa nimekwisha kuzungumza na watu juu yako katika chuo cha ualimu. Jioni moja ukasema kwamba kamati ya kiwanja cha gofu, kile kilichokuwa cha mameneja wa mashamba makubwa na sasa ni cha watu wote, inawachukua vijana kuwafundisha kazi. Wengine wangekwenda jikoni, wengine kwenye mashine, wengine kwenye nyasi. Wewe ulitaka nyasi.

"Nyasi nazo hufundishwa?" nilikuuliza.

"Nitajua nikifika, Baba."

Nilicheka. Niliona kwamba ungefika, ungechoka, na ungerudi kuniomba nafasi ya chuoni kabla ya mahindi kupaliliwa. Kosa langu la kwanza lilikuwa hilo. Nilikuruhusu kwa sababu niliamini utashindwa, na ruhusa ya namna hiyo si ruhusa.

Hukushindwa. Ulirudi nyumbani na jina la mwalimu wako wa nyasi. Mzee Oduor anasema udongo usikanyagwe ukiwa umelowa. Mzee Oduor anasema umande ukiachwa juu ya grini mpaka jua lipande, ugonjwa huingia. Ilibidi nikuulize grini ni nini, nawe ukanieleza, kwa uvumilivu ambao sikuupenda, kwamba ni kile kipande cha nyasi fupi kama zulia kinachozunguka shimo. Mzee Oduor anasema chai ya klabu ni maji ya moto yaliyotishwa kwa majani. Siku hiyo mama yako alicheka sana, na mimi nikaona kwamba mtu huyo sasa anatuchekesha hata mezani kwangu bila ya kuwapo.

Nikakuuliza, "Na Mzee Oduor anasema nini juu ya ugali huu?"

Nilikudhihaki, lakini wewe ulifikiri kweli kweli. Ukasema, "Yeye hupenda wa mtama."

Mama yako aliondoka mezani akiwa ameshika mbavu. Mimi nilibaki nikikutazama ukila, na ugali wangu ukawa hauna ladha.

Kuna jambo ambalo hukulijua. Katika kituo cha kuuzia majani chai, Arap Mibei, jirani yetu, alinisimamisha mbele ya watu wote wenye vikapu mgongoni.

"Mwalimu, ni kweli kijana yako anachunga nyasi?"

"Anajifunza kazi."

"Sisi tunachunga ng'ombe ikule nyasi. Yeye anachunga nyasi isikuliwe na ng'ombe. Sasa hiyo ni kazi ama ni adhabu?"

Watu walicheka, na karani wa mizani akacheka mpaka akasahau kusoma uzito. Nami nilicheka pamoja nao. Nilikuwa na jibu. Ningeweza kuwaambia kwamba mikono yako imejaa malengelenge na kwamba huombi kupumzika. Sikulisema, maana wakati ule kicheko chao kilinifaa. Kilikuwa upande wangu. Nilirudi nyumbani nikitembea kama mtu aliyeshinda kesi, na nilipokukuta uani ukimwonyesha mama yako mikono yako, nikapita.

Kilichoniuma zaidi ni asubuhi. Tangu ulipokuwa mdogo nimekuita mara nyingi ndipo uamke kukamua. Nimewahi kukumwagia maji. Nimewahi kuchukua blanketi nikaenda nalo zizini. Kisha akaja mtu huyu, na ukawa unaamka bila ya kuitwa na mtu, kabla ya jogoo, ili ufike kiwanjani upanguse umande juu ya grini kwa mwanzi mrefu. Nilikuwa nikilala macho wazi nikisikia ukitafuta viatu kwa vidole ili usituamshe. Umande, Kibet! Kitu ambacho jua lingekiondoa bure. Kwa ng'ombe wangu wenye njaa hukuweza kuamka, na kwa umande wa Oduor uliweza.

Baba yangu hukumjua. Alikuwa mtu wa maneno machache na ng'ombe wengi. Niliporudi likizo kutoka shule ya misheni nilikuwa na desturi ya kusema, "Mwalimu wetu husema hivi, mwalimu wetu husema vile." Usiku mmoja aliweka kibuyu chini akaniuliza, "Huyo mwalimu wako anajua kukamua?"

Nikasema sijui.

"Ana ng'ombe wangapi?"

Nikasema hana.

"Basi anasema kwa kinywa gani?"

Mimi na dada yangu tulikwenda nyuma ya nyumba tukacheka mpaka machozi yakatoka. Nilimwona kuwa mtu asiyejua dunia. Baadaye nikawa mwalimu mimi mwenyewe, na kwa miaka yote ile niliwarudisha watoto wa watu kwao wakiwa na "Mwalimu anasema" kinywani. Sikujiuliza hata siku moja baba zao waliyapokea vipi maneno yangu. Nilijua tu kwamba baadhi yao waliponipita njiani walinisalimu kwa ubaridi, nami nikadhani ni kwa sababu hawakusoma.

Utaniambia kwamba hata katika mila yetu baba hamfundishi mwanawe jandoni. Humkabidhi kwa motiriot, naye kijana humheshimu mwalimu huyo maisha yake yote. Ni kweli. Nami nilipokukabidhi kwa motiriot wako sikuona wivu wowote. Nimelifikiria jambo hili mchana huu wote, na jibu nililopata si zuri. Yule nilimchagua mimi. Oduor ulimchagua wewe.

Na nitasema hili pia, kwa sababu ulilisikia ukiwa mlangoni, nami nilijua kwamba umelisikia. Nilimwambia mama yako, "Mtu wa samaki atamfundisha nini mtoto wa ng'ombe?" Yeye alikuwa akipepeta wimbi. Hakuinua hata kichwa. Aliniuliza, "Yule aliyekufundisha wewe Kiswahili alizaliwa huku kwetu Kabianga?"  Oduor ni mtu wa ziwani, lakini amekaa katika nchi hii ya chai tangu ujana wake, na watoto wake wamezaliwa hapa. Nilijua hayo nilipolisema neno lile. Nilitafuta fimbo, na hiyo ndiyo iliyokuwa karibu.

Sasa nifike siku ile.

Wazazi walialikwa kuja kuona kazi za vijana wao. Mama yako alikuwa na homa asingeweza kwenda, lakini tangu siku nyingi kabla alikuwa ametayarisha mursik, maziwa ya mgando, katika kile kibuyu chake kizuri, akakisugua kwa mkaa wa mti autakao yeye, akakifunga. Akakiweka mezani na kuniambia, "Mpelekee mwalimu wa mtoto. Usiende mikono mitupu." Jioni nilimwambia kwamba nilikisahau. Sikukisahau. Nilikitazama, nikavaa koti, nikakiacha. Sikuona kwa nini nimpelekee maziwa mtu aliyekuwa akininyang'anya mtoto.

Nilipofika niliona kwamba kila mzazi ana kitu. Mmoja alikuwa na kuku, mwingine mkungu wa ndizi, mama mmoja mfuko wa viazi vitamu. Nilisimama mahali palipokuwa laini kuliko mahali pengine, karibu na bendera, nikaweka mikono yangu nyuma. Ndipo Oduor akatoka kwenye stoo ya mashine: mfupi, mwenye tumbo, kofia ya majani kichwani, mabuti ya mpira miguuni, mkono umekwisha kunyooshwa kutoka mbali.

"Huyu ndiye Mwalimu!" alisema kwa sauti ya kuita watu mnadani. "Baba ya Kibet! Nimeambiwa habari yako mpaka nakujua kuliko bibi yangu!"

Hilo lilinishtua. Nilidhani kwamba nyumbani ulikuwa ukimtaja yeye tu. Sikujua kwamba kule ulikuwa ukinitaja mimi. Nikaona aibu ya kibuyu kile mezani. Mtu alikuwa akinijia kwa furaha, na mimi sikuwa na kitu. Wewe unajua, na kila mtu wa kwetu anajua, kwamba asiye na kitu mkononi na ambaye amekuja kwa amani huchuma nyasi. Mababu zetu walisimamisha ugomvi kwa nyasi. Basi nikainama, nikashika nyasi zilizokuwa chini ya miguu yangu, nikazing'oa konzi nzima pamoja na mizizi na udongo, nikaziinua juu.

"Aii! Mzee anang'oa grini!"

"Mzee, wacha! Hiyo si ya ng'ombe!"

Walikuwa wale vijana wanaobeba mifuko ya wachezaji. Mkono wa Oduor ulisimama hewani. Akayatazama matundu yaliyokuwa mbele ya viatu vyangu, akanitazama mimi.

"Mwalimu," akasema, "kwenu mgeni akifika anaanza kwa kubomoa paa?"

Watu waliangua kicheko, mpaka kuku wa yule mzazi akapiga makelele. Na wewe ukaja mbio kutoka upande wa stoo, na kisu na mkebe wa mchanga mkononi. Nilidhani unakuja kwangu. Nilifungua mdomo kukuambia kitu. Ukapiga magoti. Ulikata kipande cha nyasi pembeni, ukakipachika palipong'oka, ukakishindilia kwa kiganja polepole, kama mtu anayefunga kidonda cha mtoto. Ukiwa bado magotini ulizungumza, na hukuzungumza nami.

"Mzee," ulimwambia Oduor, "kwetu hiyo ni amani. Baba anakusalimia."

Alivua kofia yake. "Ni amani?" akasema. "Basi amani ya Wakipsigis ina mizizi mirefu!" Akanyoosha mkono tena huku akicheka. Hakikuwa kicheko kibaya. Naweza kuandika hivyo leo. Lakini nilikuona ukitabasamu, ukimtazama yeye. Nikaziangusha zile nyasi, nikaondoka. Uliniita. Nilikusikia.

Umekuwa ukidhani kwamba ni vile vicheko. Nimefundisha darasa la kwanza, Kibet; nimechekwa na watoto wenye kamasi na sikuacha kazi. Kilichonichoma ni kwamba ulinieleza kwake. Katika nchi ya baba zangu, mwanangu alinieleza kwa mtu mwingine kama anavyoelezwa mgeni ambaye desturi zake hazijulikani. Ulikuwa umesimama upande wake ukinitazama mimi ng'ambo. Ndivyo nilivyoona. Sasa najua kwamba hukuwa na namna nyingine ya kuniokoa, na kwamba uliifanya haraka na kwa heshima. Lakini kulijua jambo hakuondoi uchungu wake siku hiyohiyo, na mimi niliuacha uchungu huo ukae, nikaulisha.

Jana, baada ya ninyi kuondoka kwenda Chebunyo, alikuja hapa.

Nilisikia mtu akihema kabla ya kumwona. Alikuwa akisukuma baiskeli kupandisha mlima wetu, kofia imelowa, na kifurushi cha gazeti kimefungwa kwenye usukani.

"Hodi, Mwalimu. Usinifukuze kwanza, hii mlima imenimaliza."

"Kibet hayupo."

"Najua hayuko. Ndio nimekuja." Akanipa kile kifurushi kwa mikono miwili. "Samaki wa kukaushwa. Nilisema nisikuje mkono mtupu, nisije nikang'oa majani chai yako."

Sikucheka, lakini ilinichukua nguvu. Nilimkaribisha barazani. Nilimpa chai kutoka kwenye chupa, akainywa, akasema hiyo sasa ni chai, akaomba nyingine. Kisha tulitazama mvua, wazee wawili. Mimi ndiye niliyeanza, nami sikuanza vizuri.

"Nasikia unasema kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kuamka mapema."

"Si ni mimi?"

"Alianza kuamka mapema hapa. Kwa kukamua."

"Hapa? Wiki ya kwanza alikuwa anafika jua iko juu ya miti. Nilimuuliza kama kwao jua inatoka mchana."

"Na kunoa? Kisu hicho anachotumia, aliyemfundisha kunoa ni mimi."

"Kunoa nakubali," akasema. "Alikuja akijua. Lakini alikuwa ananoa kama mtu wa panga. Nilimtoa hiyo."

"Ulimtoa nini?"

"Hasira."

Nilitaka kubisha, nikakumbuka jinsi ninavyonoa panga langu. Tukaendelea hivyo, Kibet, kwa aibu yetu sote wawili. Tulikugawana kama watu wanaogawana nyama ya ng'ombe. Mluzi wako ni wa nani. Namna yako ya kukaa kimya ukiulizwa swali ni ya nani. Hiyo alisema ni yangu bila ya shaka yoyote, na kwamba imemsumbua.

Halafu akakiweka kikombe chini akasema, "Huko anakwenda wako na mashine mimi nimeona kwa picha tu. Atapata mtu mwingine wa kumfundisha. Mwaka ukiisha atarudi aniambie, 'Mzee fulani anasema wewe unakata vibaya.'"

"Atakuambia," nikasema.

Sitakuficha kwamba nilifurahi. Ilikuwa furaha tamu na mbaya, kama ya mtoto anayemwona mwenzake akipigwa kwa kosa lilelile. Nilimtazama nione kama imemwingia. Alikuwa akizungusha kofia yake mikononi, akitoa majani yaliyovunjika moja moja, na uso wake ulikuwa uso wangu wa miezi yote ile. Furaha hiyo ikaniishia. Sikujua mahali pa kuyaweka macho yangu, nikammiminia chai ambayo hakuiomba.

Ndipo akasema kilichomleta. Ninyi vijana wa kiwanja mliofanya mtihani wa kwenda huko mlikuwa kadhaa, na wewe peke yako ulifaulu. Alisema mikono ya wenzako ni mizuri kama yako, na mmoja anakushinda, lakini karatasi iliwashinda: kuandika, na hesabu za kupima dawa za nyasi. Alikuuliza ulijifunzia wapi, ukamjibu, "Kwa baba, kwa lazima." Aliirudia mara mbili, akiipenda. Sijui kama ulisema hivyo kweli au alikuwa akinipaka mafuta. Nimeamua kutokukuuliza.

Kundi jipya linangoja kuingia mwezi ujao. Kamati imesema kwamba kama hapatikani mtu wa kuwafundisha kusoma maagizo, kuandika na kupima, vijana hao wasiingie, kwa maana dawa zile ni sumu na asiyeweza kusoma chupa atajiumiza au atamuumiza mwenzake. Wasipoingia sasa, mwaka huu hakutakuwa na kundi jingine. Aliniomba niwe mtu huyo.

"Binti ya Arap Mibei anataka kuingia?" nilimuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimesikia fununu.

"Huyo ndiye wa kwanza. Baba yake amekuja kwangu mara tatu."

Mara tatu! Na kituoni bado ananiuliza kama nyasi zako zimezaa.

"Na huko mkubwa atakuwa nani?" nikauliza. Nilijua kwamba ni swali dogo. Nililiuliza hata hivyo.

Akafikiri. "Wa nyasi ni mimi. Wa kalamu ni wewe. Wa chai ni yule mpishi, na huyo hatusikii sisi wote wawili."

Safari hii nilicheka. Nikamwambia nitafikiri. Akasema nifikiri, lakini nisifikiri kama mtu anayengoja pensheni. Aliponyoosha mkono niliushika. Kisha akateremka mlima akiwa ameikalia breki, na nikasimama nikimtazama mpaka alipozungukia msituni. Samaki wale wamo jikoni. Nimewatundika juu, na paka amelala chini yao tangu jana. Mama yako atajua la kufanya. Mimi sijui samaki wa kukaushwa huanziwa wapi.

Sasa nikuambie kinachonizuia, maana utadhani ni kiburi tu. Kiburi kipo. Lakini kuna kingine. Oduor alisema darasa litakuwa katika stoo ya mashine, kwenye ile meza ndefu. Koti lako la kazi litabaki pale, msumarini. Nikikubali nitakaa chini ya koti hilo kila jioni, na wale vijana watanisimulia habari zako: jinsi ulivyofanya hiki, ulichosema siku ile, wimbo ulioimba ukipangusa umande. Nitasikia kutoka kwa watoto wa watu habari za mtu ambaye nilimlea mimi na ambaye sikumjua. Naogopa kwamba kila habari njema nitaisikia kama kitu nilichoibiwa. Na naogopa zaidi kwamba nitazipenda, na nitakaa kule nikizingoja, kama mzee anayengoja kupakuliwa chakula.

Nikikataa, binti wa Mibei na wenzake watabaki nyumbani. Sina namna ya kuliandika jambo hilo likapungua. Na wewe utakaporudi utalazimika kuchagua mlango wa kuupita kwanza, wangu au wa kiwanja, na vyovyote utakavyochagua kutakuwa na mzee mmoja anayekutazama kwa pembeni. Nimekufanyia hivyo miezi mingi. Najua inavyochosha, kwa sababu mwishowe baba yangu niliacha kumletea maneno ya mwalimu. Nilirudi likizo nikakaa kimya, naye akadhani sikujifunza kitu. Alikufa akidhani hivyo.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu. Huko uendako utampata mtu mwingine wa kumtaja. Mtaje kwangu. Nitakunja uso, mtaje hivyo hivyo. Lakini siku utakayorudi, usimtaje mbele ya Oduor kabla hajamaliza kikombe cha kwanza. Ni mtu anayeumia haraka kuliko anavyoonekana. Namfahamu sasa.

Mvua inapungua, na nasikia mbwa akibweka chini njiani, kwa hiyo huenda ni ninyi. Nitaifunga barua hii kabla hamjaingia. Usiku huu kwenye chakula nitajaribu kukuomba chumvi mwenyewe. Nikishindwa nikapitia tena kwa mama yako, usinihesabie.

Juu ya lile darasa la kiwanjani, bado sijaamua, na sitaki uondoke ukidhani kwamba nimeamua. Nikishaamua nitakuandikia siku hiyohiyo, kabla ya kumwambia Oduor. Nawe ukiipata barua hiyo, Kibet, ukae nayo kidogo peke yako kabla ya kumwandikia.

Ni mimi,
Baba yako